KADI ZA MALIPO YA KABLA: MATUMIZI NA FAIDA ZAKE

Wananchi wa Visiwa vyetu wameshazoea kulipa kabla ya kutumia. Anayenunua umeme wa Tukuza hutoa fedha kwanza, akapewa tarakimu 20 za kuingiza katika mita yake, na umeme ukatumika mpaka kiasi alicholipia kimalizike. Kadi ya malipo ya kabla imejengwa juu ya msingi huo huo, ila yenyewe hutumika kwa malipo ya aina nyingi. Inafaa basi ifahamike vyema, kwani faida yake na khasara yake zote zimo mikononi mwa anayeichukua.

Kadi hii ni nini?

Ni kadi ambayo mwenyewe huitia fedha kabla ya kuitumia. Kila akilipa, salio hupungua; likimalizika, kadi hailipi tena mpaka ijazwe. Kadi ya mkopo ni kinyume chake, kwani humruhusu mtu kutumia fedha asizokuwa nazo na kuzilipa baadaye, mara nyingi pamoja na riba. Kadi ya kawaida ya benki nayo huchota moja kwa moja katika akiba ya mwenyewe.

Faida zake

(a) Huweka mpaka wa matumizi. Mzazi mwenye mtoto anayesoma mbali anaweza kumtilia fedha za mwezi mmoja tu, na deni lisiweze kuzuka.

(b) Hupunguza khatari. Msafiri anayevuka kwenda Dar es Salaam hana haja ya kufunga fedha zote katika kanga au mfukoni. Kadi ikiibiwa, kinachoweza kupotea ni salio lililomo, wala si akiba iliyoko benki.

(c) Huondosha foleni na usumbufu wa chenji. Huko Hong Kong, kadi iitwayo Octopus, yaani Pweza, ilianza mwaka 1997 kwa nauli za usafiri, kisha ikaenea madukani. Kwetu Tanzania, kadi ya N-Card imetumika kulipia nauli katika kivuko cha Kigamboni.

(d) Huweka kumbukumbu. Kwa kadi iliyosajiliwa, mwenyewe anaweza kuona alilipa nini na lini.

Mambo ya kuzingatia

Kadi isiyosajiliwa kwa jina ni sawa na fedha taslimu. Hata hiyo Pweza, isiyo na jina ikipotea, salio lake halirudishwi. Yenye jina ikiripotiwa hufungwa, na salio likabaki kuwa la mwenyewe. Kwa hivyo mwananchi anashauriwa:

1. Kusajili kadi kwa jina lake na kuandika namba ya kadi mahali pengine.

2. Kutomtajia mtu yeyote namba yake ya siri, hata akijitambulisha kuwa ni mtumishi wa benki.

3. Kuuliza, kabla ya kutia fedha, ada za kujaza na kutoa, muda wa kadi kwisha, na namna ya kurudishiwa salio.

4. Kutia kiasi cha haja iliyopo tu, na akiba kuiacha benki.

5. Kuripoti mara moja kadi inapopotea, kwani fedha zinazotumika kabla ya kadi kufungwa huwa ni khasara ya mwenye kadi.

Anayelipa kabla huepuka deni. Anayeitunza kadi yake huepuka khasara.