Pesa ya serikali ifuate matunzo ya mtoto



Tangu Septemba 2019 masomo ya shule ya msingi ya serikali ni ya bure katika nchi yetu, kama Katiba ya 2006 inavyotaka. Tulifurahi, na sisi walimu tuliona pia upande wa pili: madarasa yalijaa mpaka watoto wengine wakakaa chini. Lakini leo nataka kusema juu ya wadogo zaidi, wale wa miaka 3 hadi 5, ambao masomo ya bure hayakuwafikia. Mama anayepanda soko la Kadutu asubuhi anamwachia jirani mtoto, au anamwachia binti yake mkubwa ambaye siku hiyo hataenda shule, au analipa shule ya watoto wadogo kwa mfuko wake.

Siku serikali itakapotoa pesa kwa ajili ya hao wadogo, itoe namna gani? Wengine wamekwisha kupita njia hiyo.

Katika jimbo la Quebec, kule Kanada, ambako wengi wetu tuna ndugu, serikali iliamua mwaka 1997 kwamba mzazi alipe dola 5 tu kwa siku, nayo ilipe zilizobaki. Wamama wengi wakaingia kazini. Shida ilikuwa nafasi. Zilikuwa chache, zikaongezwa kwa haraka, na pesa ya serikali ikaenda pia kwa vituo vya watu wanaotafuta faida. Watafiti walipoingia ndani kupima, waliona kwamba vituo visivyotafuta faida, ambavyo wazazi ndio wengi katika kamati yake, kwa kawaida viliwatunza watoto vizuri kuliko vile vya faida. Mzazi alilipa bei ileile pande zote mbili! Na watoto wa familia maskini ndio mara nyingi walijikuta mahali pa chini.

North Carolina, Marekani, walishika njia nyingine. Vituo vinapewa nyota, kuanzia 1 hadi 5. Wanaangalia masomo ya walezi, idadi ya watoto kwa kila mlezi, na mambo mengine ya namna hiyo. Kituo chenye nyota nyingi kinalipwa zaidi na serikali kwa mtoto wa familia yenye kipato kidogo.

Mimi naipenda fikira hiyo, ila si yote. Kituo cha mtaa maskini, chenye mlezi mmoja na mkeka mmoja, kitapata wapi nyota bila pesa? Na bila nyota, pesa haiji. Kwa hiyo kwanza wapewe cha kuanzia: mafunzo ya walezi, maji, choo kinachomfaa mtoto. Baadaye ndipo waulizwe. Tena huyo mkaguzi, kama anapokea matabishi, nyota zake zitauzwa kama nyanya. Afadhali matokeo yabandikwe mlangoni, na wazazi wawe ndani ya kamati.

Kuhesabu si kazi ya wataalamu peke yao. Quebec mlezi mmoja anapewa watoto 5 ikiwa hawajafika miezi 18, watoto 8 mpaka miaka 4, halafu 10 kwa wale wa miaka 4. Hatuwezi kufika huko kesho. Lakini mahali ambapo mlezi mmoja ana watoto 40, hata awe na moyo gani, hatajua nani ana homa.

Kikundi cha likelemba cha wamama 15 kinaweza kuanza bila kungoja Kinshasa. Wawili waende saa nne asubuhi, wakati hawatazamiwi. Wahesabu watoto na walezi, waangalie choo, maji ya kunywa, na mlango kama unafungwa. Waulize mlezi analipwa lini, maana asiyelipwa miezi mitatu anaondoka, na mtoto anaanza upya na uso mgeni. Halafu wote 15 waongee na mwenye kituo kwa pamoja kabla ya kulipa muhula unaokuja.