Sakafu ya Matofali Uani

Mtu atakaye kuondoa tope uani mwake, apate mahali pa kukaa jioni na pa kuanikia nafaka, aghalabu hukimbilia saruji, kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka. Lakini sakafu ya matofali ya kuchoma, iliyolazwa juu ya mchanga pasipo kugandishwa na kitu chochote, yastahili kufikiriwa kwanza, maana kazi yake hutegemea tabia za udongo na maji ambazo mwenye nyumba aweza kuzifahamu, na akishazifahamu aweza kuijenga kwa mikono yake mwenyewe.

Tofali lililokauka juani tu ni udongo bado, na likikaa majini hurudi kuwa tope. Tanurini, joto lipitapo digrii 500 hivi za sentigredi, udongo wa mfinyanzi hutokwa na maji yaliyofungamana na asili yake, siyo yale uliyokandwa nayo, na tangu hapo haulainiki tena. Na moto ukifika 900 au 1,000, baadhi ya chembe zake huanza kuyeyuka zikashikana, na chuma kilichomo, kikiungana na oksijeni ya hewa, hutoa ule wekundu tuujuao. Kwa kuwa moto haufiki kila pembe sawasawa, matofali ya tanuri moja hayalingani. Mnunuzi na ayagonganishe mawili: yaliyoiva hutoa mlio mkali, yasiyoiva hutoa kishindo kizito. Kisha alipime moja likiwa kavu, alizamishe majini usiku na mchana, alipime tena; tofali la kilo 3 likizidi kilo 3 na gramu 600, limekunywa mno, wala halifai kukanyagwa.

Lililo kubwa zaidi limo chini, mahali ambapo baadaye hapana atakayepaona. Udongo wa juu wenye mizizi na samadi lazima uondolewe wote, kwa sababu vitu hivyo huoza vikaacha mapengo, na sakafu ikabonyea. Na penye udongo mweusi wa mbuga, ambao hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, yafaa kuchimba zaidi na kujaza changarawe. Changarawe ya kimo cha sentimita 10 hushindiliwa kwa tabaka mbili, ikiwa na unyevu kidogo, kwani maji machache huziwezesha chembe kuteleza na kupangana, ilhali yakizidi huzijaza nafasi zenyewe na kuzuia zisikaribiane. Juu yake hutandazwa mchanga wa sentimita 3 au 4.

Mchanga huo uwe wa chembe nene, ambao maji hayapandi sana ndani yake, wala usiwe wa ufukoni. Wakazi wa pwani wawe na hadhari hasa katika jambo hili, kwa sababu chumvi hupanda pamoja na unyevu hadi ndani ya vinyweleo vya tofali, na maji yakikauka hugeuka fuwele, zikakua na kulibambua tofali ngozi yake hata likaisha kwa ungaunga.

Mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea mbali na ukuta wa nyumba, watosha. Usawa hupimwa kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliotiwa maji, kwani maji ya ncha zake mbili, yakishatulia, husimama kimo kimoja hata kama fundi na msaidizi wake wamefichana kwa kona ya nyumba. Kingo peke yake ndizo zishikwe kwa saruji, ili matofali yasisogee nje. Yaliyobaki hupangwa kwa kupishana, ncha ya moja ikisukuma ubavu wa jingine, kisha mchanga mkavu, laini, hufagiliwa katika nafasi zilizo baina yao. Msuguano wa chembe hizo hulifanya kila tofali lishirikiane na jirani zake kuubeba mzigo.

Nawasihi wajenzi wasishawishike kumimina saruji katika nafasi hizo kwa kudhani kuwa wanaimarisha kazi, kwani ardhi husogea, saruji hupasuka, na maji yaliyoingia kwenye ufa hukosa pa kutokea. Sakafu iliyoachwa na mchanga wake, pahali pakibonyea, huhitaji tu matofali machache yang'olewe, mchanga uongezwe na kushindiliwa, na matofali yaleyale yarudishwe siku hiyohiyo.