Meza za Forodhani: Uzuri wa Chakula ni Usafi Wake

Jua linapozama Unguja, wauza chakula husukuma mikokoteni na kupanga meza zao katika Bustani ya Forodhani, mkabala na Ngome Kongwe. Pana mishikaki, pweza, urojo na juisi ya miwa inayokamuliwa papo hapo. Kila inaposemwa kuwa biashara hii iboreshwe, hatuna budi kuuliza: kiboreshwe kitu gani?

Bustani hiyo ilikarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa upya mwaka 2009, ikiwa na taa, njia na sehemu maalumu ya wauza chakula. Hata hivyo, kipindupindu kilipoenea visiwani mwaka 2016, Serikali ilipiga marufuku kuuza vyakula na vinywaji mitaani. Amri ile ilikusudiwa kunusuru roho za watu. Lakini ilimkatia riziki muuzaji msafi sawa na asiyejali.

Kipindupindu hupita katika maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Hakizuiwi na rangi ya mkokoteni wala mwavuli mpya. Huzuiwa na maji salama yaliyo karibu na meza, sabuni, choo, mfereji wa majitaka, na barafu iliyotokana na maji safi. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida la chumba zaidi ya saa 2, na cha moto kidumu katika nyuzi joto zaidi ya 60. Basi mkaa unaowaka chini ya sinia ni bora kuliko pambo lolote.

Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu chini yake, akamlaumu muuzaji kwa kutouweka juu watu wakauona. Mnunuzi ana haki ya kukijua anachokila.

Kwa hiyo wanaotoza ada wawafikishie wauzaji maji kabla ya kuwatoza faini. Muuzaji naye asishike fedha na mshikaki kwa mkono ule ule, wala asisuuze sahani zote katika ndoo moja hadi usiku wa manane. Nasi wanunuzi tuiache meza chafu, tuifuate iliyo safi, hata ikitugharimu zaidi.

Tukiyatenda hayo leo, maradhi yakija kesho hayatamkuta mwema akiadhibiwa pamoja na mzembe. Mwenyezi Mungu atuwafikishe.