Michembe kwenda Maskati: Je, kutamani chakula cha kwenu ni udhaifu wa imani?

Baada ya swala ya Ijumaa, katika kiangazi kilichopita, mama mmoja wa hapa kwetu Shishiyu, mkoani Simiyu, alikuja barazani pa msikiti akiwa na kifurushi kilichoshonwa kwa kipande cha kanga. Ndani yake mlikuwa na michembe, kiasi cha kilo tatu hivi. Binti yake anafanya kazi za nyumbani Maskati, na alikuwa amesikia kwamba mmoja wa wanakamati ana ndugu anayejiandaa kusafiri kwenda huko. "Katibu, mwanangu," alisema, "mimi njia siijui. Nitafutieni mtu mwenye amana amfikishie mwenzenu."

Tulimuuliza kama binti aliomba kitu kingine. Akajibu kuwa mara tatu amepiga simu, na mara zote tatu hakuomba ila michembe. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba mtoto anasema chakula hakipiti, na amekonda.

Hapo mzee mmoja akacheka. "Mtu amefika kwenye tende na haluwa, bado analilia viazi vikavu?" Mwingine akasema, bila mzaha, kwamba hilo ndilo lililowaponza Bani Israil: walipewa cha mbinguni, wakataka cha shambani. Mama yule aliinamisha kichwa. Kifurushi tulikipokea, lakini yale maneno tuliondoka nayo bila ya kuyajibu. Makala haya ni jibu letu, kwa yule mama na kwa kila familia ya Kiislamu yenye mtu wake ugenini.

Kilichomo ndani ya kifurushi

Wasomaji wa pwani huenda hawaijui michembe. Viazi vitamu vikishavunwa, kina mama wa Usukumani huvimenya, huvikata vipande na kuvianika juani mpaka vikauke kabisa. Vikichemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa, huitwa matobolwa. Huhifadhiwa ndani kwa miezi mingi, na huliwa hasa wakati ghala limepungua na mazao mapya hayajakomaa. Huchemshwa vikalainika, vikaliwa pamoja na karanga au maziwa ya mgando, na mtu akaenda shambani kwenye pamba akiwa ameshiba.

Kwa hiyo, mtoto aliyekulia hapa hakumbuki utamu peke yake anapoikumbuka michembe. Anakumbuka mikono ya mama yake juu ya ungo, na mwaka ule ambao mvua ilikataa lakini nyumba yao haikulala na njaa. Anapokitaja chakula hicho akiwa mbali, anaitaja hifadhi aliyoizoea.

Mtume (s.a.w.) na chakula cha watu wake

Je, dini inasemaje? Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliandaliwa nyama ya dhabb, mjusi wa jangwani, nyumbani kwa mkewe Bibi Maymuna (r.a.). Alipoambiwa ni nyama gani, aliurudisha mkono wake. Khalid bin Walid (r.a.), aliyekuwepo, akauliza kama ni haramu. Mtume (s.a.w.) akajibu kuwa si haramu, ila mnyama huyo hapatikani katika ardhi ya watu wake, na nafsi yake haikuvutika naye. Khalid akaivuta sahani akala, naye Mtume (s.a.w.) akimtazama.

Tuitafakari hadithi hii. Mbora wa viumbe alikiri mbele ya watu kwamba nafsi ya mwanadamu hushikamana na chakula cha ardhi yake. Hakuona haya kulisema hilo. Wala hakukitia ila chakula cha wenyeji, wala hakumzuia aliyekitaka. Adabu zote mbili zimo katika mkao mmoja wa kula.

Iko hadithi nyingine, iliyopokewa na Bibi Aisha (r.a.). Muhajirina walipofika Madina, Abubakar na Bilal (r.a.) walishikwa na homa. Bilal, ambaye aliteswa Makka kuliko wengi, kila homa ilipompungua alikuwa akiyataja kwa mashairi mabonde ya Makka na majani yanayoota humo. Mtume (s.a.w.) alipoambiwa, hakumkemea. Alimuomba Allah awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi, aifanye iwe na afya, na abariki saa yake na mudi yake, vipimo ambavyo sisi tumezoea kuviita pishi na kibaba. Alipowaona maswahaba wake wanalilia kwao, miongoni mwa aliyowaombea ni baraka katika kipimo cha chakula cha mahali walipo.

Hoja ya Bani Israil

Mzee wetu alikusudia Surat al-Baqara, aya ya 61. Ni kweli kwamba Bani Israil, wakiwa wanateremshiwa mana na salwa, walimwambia Nabii Musa (a.s.) kwamba hawawezi kuvumilia chakula cha aina moja, wakataka mboga, matango, adesi na vitunguu. Ni kweli pia kwamba walilaumiwa.

Lakini tuangalie walilaumiwa kwa lipi. Walikuwa wameokolewa na Firauni, wanalishwa na Mola wao pasina jasho, nao wakaidharau neema hiyo na kuitaka iondolewe, iletwe iliyo chini yake. Binti yetu hakuidharau neema yoyote. Anafunga, anaswali, anafanya kazi, anatuma fedha za ada za wadogo zake. Ameomba kilo tatu za viazi. Anayemlinganisha na waliomchosha Nabii wao apime tena mizani yake.

Wageni waliotangulia

Historia yetu wenyewe inathibitisha kwamba kila msafiri hubeba chungu chake. Wafanyabiashara wa misafara ya pwani walioweka kambi Tabora na Ujiji katika karne ya 19 walipanda miembe na kulima mpunga, kwa kuwa walitaka kula huko bara walichokizoea kwao. Leo miembe ile ni alama ya miji hiyo, na wali ndio chakula tunachopikia Idi hapa Usukumani bila ya kukumbuka kwamba uliingia bara kwa kutamaniwa na wageni.

Safari ya kinyume ilikuwepo pia. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na hasa baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, maelfu ya watu wenye asili ya Oman waliondoka Afrika Mashariki wakahamia huko. Walikwenda na Kiswahili chao na jiko lao. Ndiyo maana mpaka leo nyumba nyingi za Maskati hupika mandazi, chapati na mchuzi wa nazi, na mishkaki huchomwa kando ya barabara. Huko Salalah, kusini mwa nchi hiyo, minazi, migomba na mipapai hustawi, na mtu wa Pemba akipita hapo hudhani yuko kwao.

Kwa familia zenye msafiri

Kwanza, mtoto afundishwe kupika kabla hajasafiri, wa kiume na wa kike. Wengi wanaoteseka na chakula ugenini hawakukosa unga. Wamekosa kujua kuusonga.

Pili, vyakula vyetu vingi viko duniani kwa majina mengine. Katika maduka ya Wahindi, choroko huitwa mung, mbaazi huitwa toor, unga wa mtama huitwa jowar na wa uwele huitwa bajra. Samli nayo imo humo humo. Mchicha hupatikana katika maduka ya watu wa Jamaika kwa jina la callaloo. Muhogo huuzwa ukiwa umegandishwa katika maduka ya Waasia na ya Waafrika wa Magharibi. Anayetafuta unga wa ugali Marekani atafute wa mahindi meupe, na asidanganyike na unga wa Kimeksiko uitwao masa harina: huo ni wa mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, na hautoi ugali wetu.

Tatu, ufanane nao usimtoe mtu katika halali. Nyama isiyojulikana imechinjwaje iachwe. Peremende na vitafunwa vyenye jelatini visomwe maandishi yake. Samaki, mayai, kunde na mboga zinatosha kumvusha mtu wiki nzima mpaka apate bucha la Waislamu.

Nne, msafiri asifungiwe kila kitu. Nchi za Umoja wa Ulaya hazimruhusu msafiri wa kutoka kwetu kuingia na nyama wala maziwa, na nchi nyingine hutaka hata vyakula vikavu vitajwe mpakani. Kuficha ni kudanganya, na anayebeba mzigo wa mwenzake ana haki ya kujua kilichomo ndani.

Tano, nalo ni zito kuliko yote: mtoto anaposema chakula hakipiti, tumsikilize mpaka mwisho. Huenda ni hamu tu. Huenda pia ni ugonjwa, au kazi isiyo na mapumziko, au huzuni asiyothubutu kuitaja kwa simu inayosikilizwa na wengine. Mzazi aulize anakula saa ngapi, anakula na nani, analala saa ngapi. Mtume (s.a.w.) ameamrisha kwamba anayetutumikia tumlishe katika tunachokula sisi. Amri hiyo inawahusu waajiri wa Maskati, na inatuhusu sisi wenye mabinti wa kazi hapa hapa Bariadi na Maswa.

Mgeni tuliyemsahau

Tulipoyazungumza haya katika kikao cha kamati, ustadhi wetu wa madrasa alikuwa amekaa kimya pembeni. Yeye ni mtu wa Tanga, na huu ni mwaka wake wa nne kati yetu. Mmoja wetu akamuuliza kwa mzaha kama naye ana michembe yake. Akatabasamu, akasema kwamba tangu aje hajawahi kufuturu kwa muhogo wa nazi, na kwamba mara nyingine katika Ramadhani, tukimwandalia ugali wa mtama na mlenda, humshukuru Allah kwa ulimi kwanza, kisha huingoja nafsi yake ifuate.

Tuliona haya. Miaka minne tumemlisha kwa ukarimu, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kwao wanakula nini. Nazi hazioti Shishiyu, lakini Mwanza hufika kwa malori kutoka pwani. Wiki iliyofuata kamati ilimwagizia nazi sita. Yeye naye akawaita vijana wa madrasa, akawafundisha kukuna na kukamua tui, na sahani ya kwanza akaipeleka kwa jirani.

Hapa ndipo tunapokumbuka hukumu ya zakatul-fitri. Katika madhehebu ya Shafi, inayofuatwa na wengi wetu, kila mtu hutolewa pishi moja, yaani vibaba vinne, ya chakula kikuu cha mji aliopo. Sharia haikumwambia binti wa Shishiyu aliyeko Maskati atoe michembe, wala ustadhi wa Tanga aliyeko Shishiyu atoe muhogo. Imemtaka kila mmoja awatazame maskini wa pale alipo, ajue wanaishi kwa nini, na awape hicho. Moyo una ruhusa ya kukumbuka kwao. Haki za jirani hutolewa kwa kibaba cha hapa.

Kifurushi kilifika

Binti alimpigia mama yake siku ya pili baada ya kukipokea. Alisema aliichemsha michembe usiku, kazi zilipokwisha, na bibi mzee wa nyumba ile, mzaliwa wa Unguja, akafuata harufu mpaka jikoni. Akaonja kipande kimoja, akasema kwa Kiswahili safi kwamba hiki ni kigumu kama kuni, na kwamba yeye bado anautamani muhogo wa shamba la baba yake. Wakakaa pamoja mpaka usiku sana. Tangu siku hiyo, mama anasema, mtoto anakula.

Yule mzee aliyecheka alisikia habari hizo msikitini. Hakusema kitu. Ijumaa iliyofuata alikuja na mfuko wa karanga zilizokaangwa, akauweka mbele yetu. "Michembe bila karanga haishuki," alisema. "Akipatikana msafiri mwingine, mpelekeeni huyo mjukuu wangu."

Allah awahifadhi wasafiri wetu, awabarikie katika pishi na kibaba cha nchi walizomo, na awarejeshe kwetu wakiwa salama. Amin.