Fahamu: Takwimu za Afya Kutoka Njiru Huenda Wapi?

Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, zahanati za umma za wadi kama Njiru, katika eneo bunge la Kasarani, ziliwekwa chini ya idara ya afya ya kaunti, ingawa mfumo unaopokea takwimu zao, KHIS, ni wa kitaifa. Mfumo huo umejengwa juu ya DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Kenya ilianza kuisambaza nchini mwaka 2011.

Kazi yenyewe huanzia kwenye karatasi. Mtoto wa chini ya miaka mitano anayetibiwa kuhara huandikwa katika daftari la MOH 204A, kisha huhesabiwa katika fomu ya MOH 705A, yenye safu kwa kila siku ya mwezi, ambayo jumla yake huingizwa kwenye kompyuta na afisa wa kumbukumbu za afya. Hapo jina hutoweka na kubaki idadi, ambayo yatosha kuashiria mlipuko wa ugonjwa lakini haiwezi kumfuata mgonjwa anayehamia Kayole au Ruai.

Sheria ya Afya ya Dijitali ya 2023 inakusudia kuziba pengo hilo kwa mfumo jumuishi wa taarifa za afya. Mwaka huohuo wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 walizinduliwa, wakitarajiwa kusajili kaya moja moja kwa simu kupitia mfumo wa kielektroniki wa taarifa za afya ya jamii, eCHIS. Simu hizo, hata hivyo, zahitaji chaji na bando, na daftari la karatasi, lililodharauliwa mno, halihitaji lolote kati ya hayo.