Majina Yanapotengana na Mashine: Hifadhi ya Taarifa za Kusaka Hitilafu

Mwandishi wa programu za tarakilishi huandika kwa majina: hiki akakiita 'jumla', kile 'alama'. Kompaila, yaani programu itafsiriyo maandishi hayo hadi lugha ya mashine, huyageuza kuwa anwani na tarakimu, kwani mashine haiyahitaji majina. Swali linalozuka ni hili: programu ikikwama, mtaalamu atajuaje ni mstari upi wenye kosa?

Jibu limo katika taarifa za kusaka hitilafu. Kompaila huandaa majedwali yanayooanisha anwani za msimbo na faili na mistari zilikotoka, na kila kigeu na mahali pake katika kumbukumbu. Katika mfumo wa Linux, aghalabu majedwali hayo hufuata muundo wa DWARF, ulioasisiwa miaka ya 1980. Kwa kuwa yanaweza kuuzidi msimbo wenyewe kwa ukubwa, hutengwa: Microsoft huyaweka katika faili ya PDB, Apple katika dSYM, na Linux nayo yaweza kuyaweka katika faili ya kando. Mtumiaji hupokea programu nyepesi. Ufunguo hubaki kwa mtengenezaji.

Utengano huu una sharti. Programu na faili yake hupewa kitambulisho kimoja, na msimbo ukibadilika, nacho hubadilika. Faili ya toleo la jana haiwezi kuaminiwa kulifasiri toleo la leo. Nayo ikipotea, anwani husalia tarakimu tupu. Hivyo basi, kila toleo linalofikishwa kwa umma halina budi kuhifadhiwa pamoja na faili yake.