Mashine ya makundi ya damu na hesabu ya mkulima wa Kidahwe

KWA mkulima wa michikichi wa Kidahwe, pale barabara ya kutoka Kigoma mjini inapogawanyika kwenda Kasulu na Uvinza, mtoto akiishiwa damu kwa malaria gharama haiishii kwenye nauli ya kwenda hospitali. Mama analala wodini, baba anatafuta wa kuchangia damu, na mikungu ya chikichi inaivia shambani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta vimelea kwa watoto 24 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani Kigoma, kiwango cha juu kuliko mikoa yote.

Makundi ya damu, ambayo Karl Landsteiner aliyaeleza mwaka 1901, hurithiwa. Hata hivyo, baba wa kundi A na mama wa kundi B wanaweza kuzaa mtoto wa O (hakuna sababu ya ugomvi nyumbani), na hapo hakuna mzazi anayeweza kumpa damu.

Upimaji wa mkono ni tone la damu na tone la kitendanishi juu ya kigae. Fundi anaangalia kama chembe zinashikana. Mashine nayo inafuata kanuni hiyo hiyo. Inasoma alama ya mistari kwenye chupa, inanyonya sampuli, inazungusha kadi yenye jeli, kisha kamera inatazama: zilizoshikana hubaki juu, nyingine huzama. Jina la mgonjwa na jibu lake havipotezani.

Lakini mashine hii ni kama kinu cha mawese. Isipopata mzigo inakula mtaji, na kadi zake zina tarehe ya mwisho wa matumizi. Mahali pake ni vituo vya kanda vya damu salama, kama Tabora. Zahanati ya kijijini haiwezi kurudisha gharama hiyo.

Wingi wa sampuli hulipa pia kwenye utafiti. Usomaji wa vinasaba vya maelfu ya watu ulionyesha mwaka 2017 kuwa kundi adimu liitwalo Dantu hupunguza malaria kali. Mwaka 2020 watafiti waliotumia damu ya watoto 42 wa Kilifi, Kenya, walieleza sababu: utando wa chembe nyekundu za Dantu umekaza zaidi, na kimelea kinashindwa kupenya. Walipendekeza kuwa dawa inayokaza utando huo kidogo tu inaweza kuwakinga hata wasioirithi Dantu.